Mwalimu wa Michezo na Wanafunzi Wake: Funzo la Iten kwa Pwani ya Ruvuma

Utangulizi

Mwaka 2019, na tena mwaka 2021, mji wa Mtwara ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya taifa ya michezo ya shule: UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari. Vijana wa mikoa yote walikusanyika katika mji huu wa kusini, ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa mbali na kila kitu. Vikombe vilitolewa, na majina ya washindi yakatangazwa. Lakini pembeni mwa kila uwanja husimama mtu ambaye jina lake halitangazwi. Huyo ni mwalimu wa michezo. Ndiye ahesabuye jezi usiku, ndiye amfungaye bendeji aliyeteguka, ndiye amtafutaye mtoto aliyekosa chakula, na mwisho wa mashindano ndiye apandaye basi wa mwisho baada ya kuhakikisha hakuna aliyeachwa.

Insha hii inamhusu mtu huyo. Tumezoea kuandika historia ya michezo kwa kutaja washindi na medali. Hapana ubaya katika hilo, kwani chanda chema huvikwa pete. Lakini pete haikujitia yenyewe chandani. Utamaduni wa taifa ni pamoja na namna wazee wanavyowarithisha vijana ujuzi, subira na adabu, na mwalimu wa michezo ni mmoja wa warithishaji hao. Historia isiyomtaja ina pengo.

Ili tuuone vema mchango wake nimechagua maisha ya mwalimu mmoja yanayofahamika wazi: Bruda Colm O'Connell wa shule ya sekondari ya St. Patrick's, Iten, nchini Kenya. Huenda msomaji akauliza, kwa nini tutoke Mtwara twende mpaka kwenye milima ya Bonde la Ufa? Naomba anivumilie. Tutakwenda Iten, kisha tutarudi Msimbati.

Michezo kabla ya shule na ndani ya shule

Kabla ya filimbi na chaki, watu wa kusini walikuwa na mahali pao pa kuwafunzia vijana. Wamakonde, Wamakua na Wayao waliwapeleka watoto wa kiume kumbini, na huko vijana walikaa pamoja wakifundishwa kustahimili baridi, njaa na maumivu, kuwaheshimu wakubwa, kuimba, kucheza na kusaidiana. Aliyewasimamia hakuwafundisha kwa saa moja akaenda zake. Alilala nao, akala nao, na aibu ya mmoja wao ilikuwa aibu yake. Uhusiano huo haukuvunjika jando lilipokwisha. Mtu mzima mwenye wajukuu bado alimjua aliyemtoa kumbini, na alimwamkia kwa heshima mpaka mmoja wao alipoingia kaburini.

Michezo ya shule ilikuja kwa njia nyingine. Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA walikuwa na chuo huko Kiungani, Unguja, na katika chuo hicho mpira wa miguu ulichezwa tangu karne ya 19. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani hadi Masasi, na hapo ukaanzishwa mji wa misheni. Vijana waliosoma Kiungani ndio waliopelekwa Masasi, Newala na kwingineko kuwa waalimu na wahubiri. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, alipata upadre mwaka 1890 na akafanya kazi Chitangali. Kwa hiyo, tangu mwanzo, katika nchi hii ya kusini mwalimu wa darasani na mwalimu wa uwanjani alikuwa mtu mmoja, na mara nyingi alikuwa Mwafrika. Baadaye Wabenediktini nao waliweka makao yao Ndanda, mwaka 1906, na shule zikazidi kuongezeka.

Hatuna budi kukiri kwamba wakoloni walikuwa na nia yao katika michezo hiyo. Walitaka kijana azoee mstari, saa na amri. Lakini vijana waliupokea mpira wakaufanya wao, kama walivyofanya kwa mambo mengine mengi yaliyoingia kupitia bandarini. Baada ya Uhuru, serikali iliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana mwaka 1962. Mwaka 1967 ulileta siasa ya Elimu ya Kujitegemea, na mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa. Michezo ikatambuliwa rasmi kuwa sehemu ya malezi ya raia.

Mwaka 1976

Mwaka 1976 una mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza linaijia Tanzania moja kwa moja. Filbert Bayi, kijana wa Karatu, alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Dunia nzima ilingoja kumwona katika Olimpiki ya Montreal. Hakukimbia. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na Makaburu wa Afrika Kusini, mwaka uleule ambao watoto wa shule walipigwa risasi Soweto. Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ikasusia michezo hiyo. Watu wa Mtwara hawakuhitaji kuelezwa sana sababu yake. Ng'ambo ya Ruvuma vita vya ukombozi wa Msumbiji vilikuwa vimepiganwa tangu Septemba 1964, na uhuru ukapatikana tarehe 25 Juni 1975. Walijua kwamba heshima ya mtu haiuzwi kwa medali. Hata hivyo, ni kijana aliyelipa gharama ile, kwa miguu yake.

Jambo la pili halikuandikwa gazetini. Mwaka huo alifika Iten mtawa kijana wa shirika la Mabruda Wapatrisia, mzaliwa wa jimbo la Cork huko Ireland, mwenye umri wa miaka ipatayo 28. Alikuja kufundisha jiografia, na alidhani angekaa muda mfupi. Hakuwa mwanariadha wala hakusomea ufundishaji wa mbio. Pale shuleni palikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyepata medali ya shaba ya mita 10,000 huko Montreal. Foster ndiye aliyekuwa akiwazoeza wanafunzi mbio. Alipoondoka, kazi ikamwangukia Bruda Colm, kama kazi nyingi za michezo zinavyowaangukia waalimu katika shule zetu: mmoja ameondoka, mwingine anakabidhiwa filimbi.

Tofauti ni moja tu: huyu aliyekabidhiwa filimbi hakuirudisha. Miaka ilipita kumi, kisha ishirini, kisha arobaini, naye alikuwa bado katika uwanja wa shule ileile. Aliwahi pia kuwa mkuu wa shule. Hata alipoacha kazi ya darasani, hakuacha kazi ya uwanjani.

Namna alivyofundisha

Kwa kuwa hakujua, ilimbidi atazame. Hili ndilo jambo la kwanza linalostahili kujulikana na kila mwalimu. Bruda Colm hakuja na mbio kutoka Ireland. Aliwakuta watoto wa Kalenjin wanakimbia kwenda shule, katika nchi iliyoinuka mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari. Akawatazama wanavyoweka mguu, wanavyoshika mikono, wanavyopumua wakipanda kilima, na akawauliza wao wenyewe. Mara nyingi amesimulia kwamba wanafunzi wake ndio waliomfundisha kazi yake.

Jambo la pili ni upole wa mwendo. Wageni waliokwenda Iten kutafuta siri walistaajabu kuona mabingwa wakikimbia polepole, wakizungumza, na wakirudia mazoezi madogo ya kusimama wima, kulegeza mabega na kupiga hatua kwa kipimo. Mwenda pole hajikwai. Mwalimu huyu alichelea sana kumchosha kijana kabla ya wakati wake, kwa sababu kijana aliyeshindishwa sana akiwa na miaka 16 mara nyingi hana miguu akifika miaka 22.

La tatu ni kundi. Bingwa wa dunia na mtoto wa kidato cha kwanza waliweza kuonekana katika mazoezi ya asubuhi moja. Mdogo alijifunza kwa kumwona mkubwa, na mkubwa alizuiwa na macho ya mdogo asijivune. Tena mwalimu alikaa palepale katika kiwanja cha shule, katika nyumba ya kawaida, na mlango wake ulijulikana. Msomaji aliyewahi kusikia habari za kumbi atatambua kwamba mambo haya si mageni kwetu. Mtawa wa Ireland aliyafikia kwa kukaa. Wazee wetu waliyajua tangu zamani.

La nne ni wasichana. St. Patrick's ni shule ya wavulana, na kwa miaka mingi iliaminika kwamba msichana akishamaliza shule amemaliza na mbio. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Bruda Colm alianza kuandaa kambi za likizo ambazo zilipokea wasichana pia. Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni Janeth Jepkosgei, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa mita 800 huko Osaka mwaka 2007, na Edna Kiplagat, aliyeshinda marathoni ya mashindano ya dunia mwaka 2011 na tena mwaka 2013. Mlango uliofunguliwa wakati wa likizo ulibadili desturi ya nchi nzima.

Matunda

Matunda ya kazi hiyo yanajulikana, nami nitayataja kwa ufupi. Ibrahim Hussein, aliyesoma St. Patrick's, alishinda marathoni ya New York mwaka 1987 na ya Boston mwaka 1988, 1991 na 1992. Peter Rono alitwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akiwa na miaka 21 tu. Matthew Birir alishinda mbio za kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992, ijapokuwa alianguka njiani. Wilson Kipketer, aliyehamia Denmark, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997 kwa dakika 1 na sekunde 41.11.

Lakini mwanafunzi ambaye maisha yake yanaonyesha vizuri zaidi kazi ya mwalimu ni David Rudisha. Baba yake, Daniel Rudisha, alipata medali ya fedha ya mbio za kupokezana vijiti mita 400 mara nne katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, michezo ileile ambayo Mtanzania John Stephen Akhwari alimaliza marathoni akichechemea, goti limefungwa bendeji, wenzake wakiwa wamekwisha maliza zamani. Kijana huyu wa Kimaasai alifika Iten akipendelea mita 400 kama baba yake. Bruda Colm alimtazama, akamshauri ajaribu mita 800. Mwaka 2008 aliumia akakosa Olimpiki ya Beijing. Mwaka 2009 alitolewa katika nusu fainali ya mashindano ya dunia huko Berlin. Mwalimu mwenye pupa angebadili kila kitu, au angemtafuta kijana mwingine. Huyu hakubadili. Mwaka 2010 Rudisha aliivunja rekodi ya Kipketer mara mbili katika muda wa wiki moja, na tarehe 9 Agosti 2012, huko London, aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Hata mwaka 2024 ulipokwisha rekodi hiyo ilikuwa haijavunjwa. Maana yake ni kwamba tangu mwaka 1997 rekodi ya dunia ya mita 800 ilikaa mikononi mwa wanafunzi wawili wa mwalimu mmoja wa jiografia.

Katika kiwanja cha shule ile imepandwa miti, na kila mti una kibao chenye jina la mwanariadha aliyeupanda. Mwanafunzi mpya akipita chini ya kivuli chake anasoma majina. Ni makumbusho yasiyohitaji mlinzi.

Mambo ya kutahadhari

Si haki kusifu bila kupima, kwa maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwanza, kwa kila bingwa mmoja wapo mamia waliokimbia asubuhi zilezile wasipate hata medali ya wilaya. Kipimo cha mwalimu ni hawa pia: walitoka wakiwa watu wa namna gani? Pili, fedha za mbio zimeleta uchafu. Tangu mwaka 2012 makumi ya wanariadha wa Kenya wamefungiwa kwa kutumia dawa zilizokatazwa, na jambo hilo limeutia doa mchezo wenyewe. Kijana asiyekuwa na mwalimu wa kumwambia "subiri" atampata mtu wa kumwambia "meza".

Na sisi tusijifanye watakatifu. Katika mashindano yetu ya shule tunalijua neno "mamluki", yaani mchezaji asiye mwanafunzi anayeingizwa kwa siri ili kombe lipatikane. Afanyaye hivyo hafundishi michezo. Anawafundisha watoto 10 waliobaki kwamba jasho lao halina thamani, na somo hilo watalikumbuka watakapokuwa maofisini.

Turudi pwani ya Ruvuma

Sasa turudi nyumbani. Yako wapi mafunzo ya Iten kwa mwalimu wa Mikindani, wa Msimbati au wa Kitaya? Wapo watakaosema kwamba Iten ina mwinuko na sisi tupo usawa wa bahari, basi mazungumzo yameisha. Wanaosema hivyo wameutazama mlima wakamsahau mtu. Milima ilikuwapo Iten kabla ya mwaka 1976. Kilichoongezeka ni mtu aliyekitazama kile ambacho mahali pale pamewapa watoto wake, akakiheshimu, akakaa nacho.

Na pwani yetu imewapa nini watoto wake? Mtoto wa Msimbati hukua juu ya mchanga, na mbio za mchangani hukaza mguu kuliko mbio za udongo mgumu. Hujifunza kuogelea kabla ya kujifunza kusoma. Hupiga kasia katika mitumbwi kati ya mikoko ya mdomo wa mto, mahali ambapo tangu mwaka 2000 pamekuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Mtoto wa uwanda wa Makonde naye hukua na ngoma, na yeyote aliyewahi kutazama Sindimba ikichezwa sawasawa anajua kwamba kiuno, goti na pumzi vimefanyishwa kazi ambayo mwalimu wa riadha angeililia. Hazina hiyo yote ipo nje ya lango la shule. Tukifika langoni tunamwambia mtoto aiache, kisha tunalalamika kwamba hana kipaji.

Shida ya pili ni kukaa. Kusini kulikuwa kugumu kufikika. Mpaka Daraja la Mkapa katika mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, mvua za masika ziliweza kuikata barabara ya Dar es Salaam, na timu ya shule iliyotaka kusafiri ilingoja meli, au ilingoja kiangazi. Katika hali kama hiyo waalimu wengi waliopangiwa kusini walianza kuandika barua ya uhamisho kabla ya kufungua sanduku. Mimi nimefanya kazi serikalini, nimeziona barua hizo, na siwalaumu walioziandika. Wengine walikuwa na wazazi wagonjwa na watoto wadogo. Lakini kila barua iliyokubaliwa ilichukua pamoja nayo mazoezi ya miaka miwili au mitatu, na mwalimu aliyefuata alianza na a, e, i, o, u. Mti haukui ukihamishwa kila mwaka.

Hali imebadilika. Barabara ipo, uwanja wa Nangwanda Sijaona upo, na mwana wa Lupaso, Masasi, hayati Rais Benjamin Mkapa, ameacha jina lake katika uwanja mkubwa wa taifa ulioanza kutumika mwaka 2007. Kilichobaki hakijengwi kwa saruji. Shule iandike daftari la michezo: nani alifundisha, lini, nani walipita, walifikia wapi. Mwalimu anayetaka kubaki asaidiwe abaki, na kubaki kwake kusihesabiwe kuwa ni kusahauliwa. Na mwanafunzi aliyefaulu apande mti katika shule yake, hata kama ni mkorosho, na kibao chake kiwe na majina mawili: lake na la mwalimu wake.

Hitimisho

Bruda Colm O'Connell si wa Mtwara, wala si wa kuzaliwa Afrika. Hata hivyo kazi yake inatukumbusha jambo ambalo ni letu tangu kale: kijana hafundishwi na mtu apitaye njia. Waliowatoa vijana kumbini walilijua hilo, na waalimu wa kwanza waliotoka Kiungani kwenda Masasi walilijua. Ewe mwanafunzi usomaye insha hii, yamkini jioni hii yupo mwalimu uwanjani kwenu akipulizia mpira pumzi zake kwa kuwa pampu imeharibika. Mwulize jina la aliyemfundisha yeye, ukaliandike. Nami namalizia kwa ubeti mmoja:

Mwalimu wa uwanjani, sifa zako natangaza,
Na jua kali kichwani, vijana unaongoza,
Wakisha kupata shani, jina lako hupoteza,
Mche ulio shambani, kuna mkono hukuza.